Mama, Hesabu Siku Zako Unapoacha Tumbaku

Mama mpendwa, umeamua kuacha sigara au ugoro. Umefanya vema. Lakini sikiliza neno moja ambalo watu huona haya kulisema.

Mama mmoja alitupa sigara zake. Akashinda juma la kwanza na la pili. Juma la tatu usingizi ukapotea, akawakasirikia watoto bure. Mumewe akamwambia, "Afadhali uvute, tupate amani." Akavuta. Alipokuja kwangu nilimkaripia kama mtu asiye na nguvu ya moyo. Nilikosa. Mkunga ndiye aliyemwuliza: damu ya mwezi ilikuja lini? Ilikuja siku mbili tu nyuma ya kuvuta tena.

Fahamu basi. Ndani ya tumbaku mna nikotini, nayo huufunga mwili kama kamba. Ukiacha, mwili huidai kwa hasira, huzuni na kukosa usingizi. Taabu hii ni kali siku za kwanza, kisha hupungua katika majuma mawili mpaka manne. Lakini siku chache mbele ya hedhi wanawake wengi hupata taabu zilezile, hata wasiovuta kamwe. Zikikutana, mzigo ni mara mbili. Mama hudhani tumbaku imemshinda, kumbe ni mwezi wake unaopita.

Wengine husema, "Nitangoja siku nzuri." Mimi nasema, usingoje. Waganga waliochunguza jambo hili hawakupatana ni siku gani iliyo bora, na anayengoja huendelea kuvuta. Kama una mimba, kungoja kunamdhuru mtoto, maana tumbaku huweza kumfanya azaliwe mdogo.

Acha leo, lakini hesabu. Weka alama katika kalenda siku damu inapoanza. Kwa wengi mwezi ni siku 28 hivi. 21 mpaka 35 si ugonjwa. Juma moja mbele ya siku ile jiandae: pasiwe na tumbaku nyumbani, lala mapema, mwambie rafiki mmoja. Tamaa ikija, tembea kidogo. Hupita kwa dakika chache.

Nawe baba, usimwambie avute. Chukua ndoo ya maji wewe mwenyewe, unyamaze. Hasira ile itapita kwa siku chache. Tumbaku ikirudi huweza kukaa miaka.

Na ukianguka, mama, usiseme, "Mimi si kitu." Tazama kalenda yako, uanze tena.