Mkweche si gari la kumpa dereva mchanga

Kuna desturi iliyoota mizizi katika familia nyingi za mijini hapa nchini. Kijana akishatimiza miaka 18, akaenda shule ya udereva na kupata leseni, mzazi hujinunulia gari lenye nafuu, kisha lile kuukuu lililokuwa likiota kutu nyuma ya nyumba humwachia kijana. Majirani humsifu mzazi kwa ukarimu wake. Kijana naye hujawa na furaha, akaanza kuwatembeza wenzake. Hakuna anayeuliza swali moja la maana: Je, siku kijana huyu atakapokanyaga breki kwa hofu, gari hilo litasimama?

Msomaji mpendwa, huenda ukashangaa ni kwa nini habari za magari zinaletwa katika kurasa za afya. Sababu ni hii. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 ulimwenguni. Si malaria, wala si Ukimwi. Watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Hapa Kenya, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 waliuawa kila mwaka kutoka 2021 hadi 2024. Wengi wa wanaokufa ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki, ambao hawakuwa ndani ya gari lolote. Kwa hivyo, gari unalomkabidhi mwanao linawahusu pia watoto wa wenzako wanaovuka barabara.

Mzazi aliyempeleka mwanawe kliniki kudungwa sindano ya surua, akamlaza chini ya neti usiku, hawezi kumfikisha umri wa miaka 18 kisha akamkabidhi chuma kibovu na kumwambia, "Utajifunzia kwa hilo, hata ukiligonga si hasara."

Maneno hayo husemwa kila siku, nayo yana kosa kubwa ndani yake. Mzazi anahesabu hasara ya bati na rangi, anasahau mwili ulioketi nyuma ya usukani. Bati likikunjika hunyooshwa na fundi wa jua kali kwa siku mbili. Uti wa mgongo ukivunjika hakuna fundi wa kuunyoosha ukarudi kama ulivyokuwa.

Isitoshe, mambo hapa yamegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Dereva aliyeendesha kwa miaka 20 anaweza kuvumiliana na gari lenye ila. Akisikia mlio mgeni kwenye gurudumu anajua ni beringi. Breki zikianza kuzama anahisi mguuni, naye hupunguza mwendo mapema. Dereva mchanga hana masikio hayo wala mguu huo. Akili yake yote imo katika gia, vioo, na matatu iliyomziba ghafla mbele. Yeye ndiye atakayekosea mara nyingi zaidi, basi yeye ndiye anayehitaji gari linalosamehe makosa.

Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa barabara kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, ilichunguza vifo vya madereva vijana vya kuanzia 2008 hadi 2012. Iligundua kwamba vijana waliokufa walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko watu wazima wa kuwa ndani ya magari madogo na makuukuu. Ikiwa hali ni hiyo kwao, kwetu sisi tunaopita kwenye mashimo na matuta yasiyo na alama hatuna sababu ya kujidanganya.

Usidhani kwamba haya yanaandikwa kwa ajili ya matajiri. Najua bei ya magari ilivyopanda, na najua karo inavyosubiri kila muhula. Lakini mzazi mwenye magari mawili hahitaji kutoa hata shilingi moja ya ziada ili kufanya jambo la busara. Abadilishane na mwanawe. Lile lenye breki bora na mifuko ya hewa aendeshe kijana, na lile kuukuu abaki nalo yeye mwenye ujuzi, baada ya kulitengeneza ipasavyo. Najua heshima itaumia kidogo mzee akionekana kazini na mkweche. Heshima itapona.

Mwenye gari moja naye atumie kwa zamu na mwanawe, hata kama kijana atanung'unika kwamba wenzake wana magari yao. Gari moja zima ni bora kuliko mawili mabovu. Na ambaye anapanga kununua, asiende yadi za Ngong Road au za Mombasa akiongozwa na bei na rangi pekee. Wahenga walisema rahisi ghali, na hospitalini ndiko methali hiyo hupata maana yake kamili.

Sasa anunue gari gani? Kwanza, lisiwe na injini ya kujionyesha. Vijana wengi huota magari yenye turbo na mlio wa kutetemesha madirisha. WHO inasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa kikomo cha mwendo mijini. Injini ya 1500 inatosha kabisa kumfikisha kijana chuoni na kumrudisha.

Pili, lisiwe dogo mno. Gari jepesi likigongana na lori au hata gari la wastani, wa ndani ya lile jepesi ndio huumia zaidi. Gari la kadiri, mfano wa Toyota Axio au Fielder, linafaa kuliko kijigari cha kuingia kwapani. Nchini Japan, ambako magari yetu mengi ya mitumba hutoka, kuna mpango uitwao JNCAP unaogongesha magari mapya kwa makusudi na kutangaza jinsi yanavyowakinga abiria. Kabla ya kulipa, tafuta gari unalolitaka lilifanya vipi katika majaribio hayo.

Tatu, lisiwe na viti saba. Kijana mwenye gari la watu saba atajaziwa watu saba, hasa Jumamosi usiku. Wenzake wakiwa wengi garini, kelele huzidi, na dereva mchanga hutaka kuwafurahisha.

Baada ya hapo, chunguza vitu vinavyookoa maisha. Washa swichi bila kupiga injini moto. Taa yenye alama ya mfuko wa hewa, au herufi SRS, yapasa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, au ikiwaka bila kuzima, mifuko ya hewa huenda ni mibovu au iliondolewa baada ya ajali. Vivyo hivyo kwa taa ya ABS. Huo ndio mtambo unaozuia magurudumu yasikwame unapokanyaga breki kwa nguvu, ili uweze kupinda na kukwepa. Dereva mchanga hukanyaga breki kwa nguvu kuliko mtu yeyote.

Uliza pia kama gari lina mtambo wa kuzuia kuserereka. Alama yake ni picha ya gari lenye mistari iliyopindapinda nyuma yake. Utafiti wa IIHS umeonyesha kwamba mtambo huu hupunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za kuua zinazohusu gari moja, yaani zile za kupoteza mwelekeo na kuacha barabara. Kwa vile sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini kwa magari yenye zaidi ya miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, mengi yanayowasili siku hizi yanao.

Vuta kila mshipi wa usalama kwa ghafla, wa mbele na wa nyuma. Usiposhika palepale, haufai. Mwaka 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, wengi walinung'unika walipolazimishwa kujifunga mishipi ndani ya matatu. Lakini WHO inasema mshipi hupunguza hatari ya kifo kwa walio garini kwa hadi asilimia 50. Mfuko wa hewa bila mshipi ni hatari, kwa kuwa mwili unakwenda kuupiga wakati wenyewe unafumuka kwa kasi. Mto wa kichwa nao si wa kulalia. Upandishe hadi ufikie usawa wa juu ya masikio, kwani ndio huikinga shingo gari likigongwa kutoka nyuma.

Kisha inama utazame tairi. Ubavuni, mwishoni mwa herufi na tarakimu zinazoanzia na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 3521, tairi hiyo ilitengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi yaweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake umezeeka na kupasuka. Ya miaka kumi iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa si mpya.

Kwa gari linalotoka Japan, omba karatasi ya mnada. Herufi R au RA kwenye nafasi ya daraja humaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Pia, liache likaguliwe na fundi unayemjua wewe au AA ya Kenya. Usimtegemee fundi unayeletewa na muuzaji. Ada ya ukaguzi ni ndogo ukiilinganisha na bili ya siku moja katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kuna wazazi wanaolalamika kwamba hawana pesa za breki mpya, lakini baada ya wiki mbili gari limewekwa spika kubwa, rimu za kumeta na vioo vyeusi tititi. Vioo hivyo humzuia dereva mchanga kumwona mtembea kwa miguu usiku. Spika hizo humzuia kusikia honi ya pikipiki iliyo ubavuni mwake. Pesa hizo zianze kwa breki, tairi na taa. Zikibaki, ndipo muziki ununuliwe.

Mwisho, gari zuri halimfanyi kijana kuwa dereva mzuri. Kwa miezi ya kwanza, keti naye mara kwa mara. Mwekee masharti kabla ya kumpa ufunguo: asiendeshe usiku wa manane, asiguse simu, asionje pombe, na asiondoke kabla ya kila aliyemo kujifunga mshipi. Masharti hayo ni ya wavulana na wasichana sawasawa. Atakayeyavunja arudishe ufunguo, hata kama atalia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kumpigia muuzaji simu, toka nje leo uyatazame magari yaliyo uani kwako. Jiulize ni lipi ungependa uwe ndani yake iwapo lori lingekujia usoni pale Salgaa. Hilo ndilo la kumpa mwanao.