Gitaa Tunalisifu, Majina Tunayafuta

Wasee, tukubaliane kitu kimoja kabla mtu hajakasirika: albamu ya Johnny Burnette and the Rock 'n Roll Trio ni moto. Ilitoka Desemba 1956 chini ya lebo ya Coral, ngoma 12, na ukiiweka sai na sauti juu, jirani atajua uko nyumbani. Hiyo ndiyo rokabili yenyewe: country ya wazungu wa kusini mwa Marekani imegongana na blues ya watu weusi, na hakuna aliyepiga breki.

Kinachonikera ni stori inayotembea nayo. Unaijua. Vijana watatu wa Memphis waliingia studio, tyubu moja ya amplifaya ikalegea, gitaa likaanza kukwaruza, na papo hapo roki nzito ikazaliwa. Piga makofi, nendeni nyumbani. Kila mwenye simu na maikrofoni anairudia, na wengi hawajawahi kusoma hata nyuma ya kava.

Wacha nianze na haki yao, kwa sababu wanayo. Johnny na kakake Dorsey walikuwa mabondia kabla ya kuwa wanamuziki. Dorsey na mpiga gitaa Paul Burlison walifanya kazi ya umeme kwa Crown Electric, kampuni ile ile ambayo Elvis Presley alikuwa akiiendeshea lori. Hakuna mtoto wa tajiri hapo. Mwaka wa 1956 walienda New York kujaribu bahati kwenye kipindi cha vipaji cha Ted Mack, wakashinda mara tatu, wakapewa mkataba. Mei wakarekodi New York, Julai wakapelekwa Nashville kwa prodyusa Owen Bradley. Ndiyo, Nashville ile ile ya kina Jim Reeves, mzee anayeimba kwenye redio ya mama yako kila Jumapili.

Sasa fungua orodha ya ngoma, twende pole pole. "Honey Hush" ni ya Big Joe Turner, 1953. "Chains of Love" pia ilikuwa ya Turner, 1951. "All by Myself" ni ya Fats Domino. "Drinking Wine" ilivuma na Stick McGhee mwaka wa 1949. Na ile kubwa, "The Train Kept A-Rollin'", ilirekodiwa na Tiny Bradshaw mwaka wa 1951. Hesabu mwenyewe: ngoma tano kati ya 12, zote kutoka kwa wasanii weusi, na zote zilikuwa zimeshatoka kabla vijana hawa hawajaona mlango wa Coral.

Na si ati waliiba. Sikia vizuri, kwa sababu najua kuna mtu tayari anaandika "colonizers" huko chini. Kuimba upya ngoma ya mtu ni kazi halali, kila mtu alifanya, weusi kwa weupe. Trio hawakudai kwamba "Train" ni utungo wao. Na walichoifanyia ni kikubwa: Bradshaw aliipiga na bendi yenye saksafoni, ngoma ya kucheza, tamu, imenyooka. Trio waliivua koti, wakabaki na gitaa linalokwaruza na sauti ya mtu anayekaribia kupasuka. Hiyo ni ubunifu, nitaitetea mahali popote.

Wizi unaanza pale wewe na mimi tunaposema "hapa ndipo ilianzia." Mwaka wa 1965 Yardbirds wa Uingereza waliirekodi, 1974 Aerosmith wakairudia, na leo ukimuuliza shabiki wa roki atakuambia hiyo ni ngoma ya Aerosmith. Shabiki mjuaji kidogo atasema Yardbirds. Mjuaji sana, yule wa kukupigia lekcha usiku mzima, atasema Trio, halafu atasimama hapo akijiona amefika chini ya kisima. Kumbe bado kuna mtu chini. Bradshaw alikufa 1958.

Hata hiyo karatasi ya watunzi ina yake. Kando ya Bradshaw kuna jina Lois Mann. Huyo si mshairi aliyesahaulika. Ni jina la bandia la Syd Nathan, mwenye King Records, lebo iliyotoa ngoma ya Bradshaw. Alitumia jina la mke wake kabla ya ndoa, akala sehemu ya pesa ya utunzi. Mwenye kampuni amejiandika mtunzi! Na usicheke sana, kwa sababu mchezo huo uko hai kwenye studio za mtaani kwetu. Niliwahi kuandika kiitikio cha msee mmoja hapa Nairobi, ngoma ikatoka, nikatafuta jina langu, nikapata la mtu aliyekuwa amekuja tu kuleta chipo. Simtaji. Anajijua.

Halafu lile gitaa lenyewe. Burlison ndiye aliyekuwa akisimulia stori ya tyubu, na stori yake ni nzuri. Lakini kuna watafiti wanaoshikilia kwamba gitaa tunalolisikia kwenye rekodi za Nashville lilipigwa na Grady Martin, mpigaji wa kukodishwa wa studio. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Yaani mlio ambao tunauita mwanzo wa kila kitu, hatuna uhakika ni wa vidole vya nani. Kwa nini? Kwa sababu wapigaji wa studio walilipwa, wakaenda zao, na hakuna aliyeona haja ya kuwaandika kwenye kava.

Na jina hilo hilo la kava ndilo lililoivunja bendi. Walianza wakiwa watatu sawa. Kampuni ikaona inauza vizuri ikiwa Johnny yuko mbele na wengine ni "and the". Dorsey hakukubali. Akaondoka mwaka huo huo wa 1956, hata kabla albamu haijafika dukani, na kwenye filamu ya "Rock, Rock, Rock" nafasi yake ilishikwa na mtu mwingine. Kufikia mwisho wa 1957 hakukuwa na Trio tena. Ndugu wa damu, bana, wamegombana juu ya fonti.

Kwa hivyo mtu akiniambia majina ni kitu kidogo, muziki ni wa wote, nitamuuliza kwa nini basi la kwake analiweka kubwa hivyo kwenye video. Wewe unayetengeneza zile klipu za "albamu kumi zilizobadilisha dunia", uko na sekunde 60. Kusema "Tiny Bradshaw, 1951" inachukua tatu.

Na wewe uliye tayari kunijibu kwa hasira, sikiza kwanza ya Bradshaw, halafu ya Trio. Ziko mtandaoni zote, na zote mbili pamoja hazifiki dakika sita. Ukimaliza, njoo tubishane.