Semina ya siku moja haimfunzi mzazi kuweka mshipi chini

MWAKA jana nilikuwa miongoni mwa wazazi walioalikwa kwa semina ya malezi mema katika mtaa ninakoishi hapa Nairobi. Tulihutubiwa kuanzia asubuhi hadi alasiri, tukanywa soda, tukapewa fulana na vyeti, tukaenda zetu. Siku ya tatu mwanangu wa miaka minane alipoteza shilingi mia mbili nilizomtuma nazo dukani. Nilimchapa kwa mshipi. Cheti kilikuwa kingali juu ya meza.

Nasimulia haya kwa aibu, lakini najua siko peke yangu. Wazazi wengi tunajua kwamba kupiga watoto si vyema. Tusilojua ni la kufanya badala yake, hasa jioni mtu anapotoka kazini amechoka na mfuko ni mtupu.

Sheria imekwisha kusema lake. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inamkinga kila mtu, mtoto akiwemo, dhidi ya adhabu ya kuchapwa. Hata hivyo, katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2019, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walitendewa ukatili wa aina fulani walipokuwa watoto.

Hili ni jambo la afya, wala si la polisi pekee. Mtoto anayelelewa kwa kipigo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na huzuni na wasiwasi, kutumbukia katika ulevi, na kuwapiga wake atakapowapata. Tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye, na tumeifanya methali hiyo kuwa kibali cha kiboko. Lakini methali yenyewe inamwonya mzazi anayeogopa kumrudi mwanawe. Haisemi lolote kuhusu mshipi.

Kwa hivyo mafunzo ya malezi yanahitajika. Tunapokosea ni katika kuyachagua na kuyaendesha.

Tutazame yaliyofanyika katika Mkoa wa Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako mpango uitwao Sinovuyo Teen ulijaribiwa katika vijiji na vitongoji 40, kwa familia 552 zenye vijana. Sehemu zilizopata mafunzo zilichaguliwa kwa kura, na nyingine zikapewa somo fupi la usafi. Wazazi na vijana wao walihudhuria vikao 14, kimoja kila wiki. Humo walijifunza kusifu, kutuliza hasira, kuweka kanuni za nyumbani, na hata kupanga matumizi ya pesa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba miezi kadhaa baada ya vikao kwisha, kupiga na kudhulumu kulikuwa kumepungua katika familia zilizofunzwa kuliko katika zile nyingine. Mafunzo hayo hayakuponya kila kitu. Kutelekezwa kwa watoto, kwa mfano, hakukupungua. Lakini angalau watu walipima, wakajua kilichofaulu na kilichoshindwa.

Basi kanisa, msikiti, shule au kamati ya mtaa inapoletewa mpango wa malezi, iulize maswali haya kabla ya kuuliza habari ya fulana.

Je, mpango huu umejaribiwa kwingine, na ulipatikana kupunguza kipigo? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu mafunzo ya aina hii mwaka wa 2023, kwa hivyo hakuna haja ya kila kikundi kuanza kubahatisha upya.

Je, wazazi watafanya mazoezi au watasikiliza tu? Hakuna aliyejua kupika chapati kwa kuhutubiwa. Mzazi aigize jinsi atakavyosema na mtoto aliyepoteza pesa, aende nyumbani ajaribu, kisha wiki ifuatayo arudi aeleze alikoshindwa.

Je, nani anafunza? Jirani aliyepewa mafunzo ya kutosha, na ambaye ana wa kumsimamia, huenda akasikizwa kuliko mgeni mwenye vitabu vingi.

Je, akina baba watafika? Kikao cha Jumatano saa nne asubuhi ni cha kuwafungia nje. Nyanya na yaya nao wasisahauliwe, maana mara nyingi wao ndio wanaoshinda na mtoto.

Je, mtoto akifichua dhuluma kubwa wakati wa vikao, itakuwaje? Anayeendesha mpango ni sharti ajue njia ya kumfikia afisa wa watoto, na nambari ya simu 116, ambayo hupigwa bila malipo, iwe imebandikwa ukutani.

Mwisho, watoto wenyewe wataulizwa, kabla na baada, iwapo kuna mabadiliko nyumbani? Orodha ya waliohudhuria haionyeshi nani ameacha kupiga.

Yamkini wengine watasema wiki 14 ni nyingi na pesa hazipo. Nami nasema pesa za ukumbi wa hoteli, fulana na wageni wa heshima zinaweza kuwalipa majirani wawili na kununua chai ya vikao vingi katika darasa la chekechea Jumapili alasiri. Afadhali familia ishirini zilizobadilika kuliko wazazi mia mbili wenye vyeti.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Nikimtuma dukani huikunja noti na kuificha ndani ya soksi, na akirudi huutazama mkono wangu kwanza kabla ya kunitazama usoni. Nataka mafunzo yatakayomwondolea hofu hiyo, na niko tayari kuyahudhuria kila wiki. Naamini wako wazazi wengi kama mimi, endapo waandalizi watatuletea mafunzo ya kweli.