Mlio Chini ya Lori Hautafutwi kwa Kubahatisha

Lori lililotumika kwa miaka mingi halikosi sauti. Bodi hulia, mlango hulia, minyororo ya nyuma hulia, na dereva huzizoea sauti hizo kama mtu azoeavyo sauti za nyumbani mwake. Lakini siku moja huzuka chini ya lori sauti ngeni, mfano wa kayamba inayotikiswa, ambayo huja na kutoweka bila ya mtu kujua chanzo chake. Hapo ndipo fedha zinapoanza kupotea. Aghalabu fundi hujilaza chini ya gari, hutikisa hiki na kile, kisha hutaja kifaa cha kununuliwa. Kikishafungwa na sauti ikabaki pale pale, hutajwa kingine. Maoni yangu ni kwamba mwenendo huo si ufundi bali ni bahati nasibu, na kwamba sisi wenye magari ndio tunaouendeleza.

Nitatoa mfano mmoja. Jamaa yangu ana lori la tani 7, lenye umri wa zaidi ya miaka 20, ambalo hukusanya mahindi vijijini mkoani Rukwa. Lilipoanza kulia, lilipelekwa gereji. Kwanza yalibadilishwa mapira yanayoshikilia bomba la moshi. Zikafuata shokapu mbili za nyuma. Kisha krosi za propela shafti. Vifaa vyote hivyo vilikuwa vimeagizwa kutoka nchi za nje, na kila mara lori lilirudi barabarani likilia vile vile. Mwezi mzima wa mavuno ulipita hivyo. Mwishowe lori lilifikishwa kwa fundi mmoja mzee, ambaye hakuligusa kwanza. Aliuliza maswali.

"Je, hulia likiwa limesimama na injini inaunguruma?"

"Hapana, mzee, hata nikikanyaga mafuta."

"Likiwa na mzigo?"

"Likijaa hunyamaza."

"Na kwenye lami?"

"Ni mara chache. Hulia zaidi kwenye barabara ya vumbi yenye matuta."

Majibu hayo matatu, yaliyopatikana bila ya spana wala senti moja, yaliondoa zaidi ya nusu ya mambo yaliyokuwa yakishukiwa. Hebu tuone ni kwa nini.

Kila kitu kinachozunguka garini kina mwendo wake, na sauti yake huufuata mwendo huo. Tuchukue lori ambalo husogea meta 3.2 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Likienda kwa kasi ya kilometa 40 kwa saa, gurudumu litazunguka mara 208 hivi kwa dakika. Ikiwa uwiano wa gia za difu ni 6 kwa 1, propela shafti itazunguka mara 1,250 hivi katika dakika hiyo hiyo. Basi kasoro ya gurudumu itagonga mara 3 au 4 kwa sekunde, idadi ambayo sikio laweza kuihesabu, ilhali kasoro ya propela itagonga upesi mno hata isikike kama mvumo. Sauti inayoifuata injini hubadilika dereva anapobadili gia, hata kama kasi ya lori haikubadilika. Tena, sauti inayosikika katika mwendo mmoja tu wa injini na kupotea katika miendo mingine, mara nyingi hutoka kwenye kipande chembamba cha bati, kama kinga ya joto ya bomba la moshi, ambacho hutikisika pale mtetemo wa injini unapolingana na mtetemo wake wa asili. Lakini sauti isiyofuata injini wala mzunguko wa magurudumu, bali hufuata matuta na mashimo ya barabara, haina budi kutafutwa kwenye springi na vishikizo vyake.

Yatupasa pia kukumbuka kwamba sikio hudanganyika. Hewani sauti husafiri kwa kasi ya meta 340 hivi kwa sekunde. Katika chuma cha pua kasi yake hukaribia meta 5,000. Kwa hiyo chasisi huichukua kelele ya nyuma na kuifikisha mbele, na dereva akaapa kwamba inatoka chini ya kiti chake. Ndiyo sababu ni hatari kuamini sikio peke yake bila ya jaribio.

Fundi yule mzee alijaribu. Aliweka kabari kwenye magurudumu, akaingia chini na nyundo ndogo, akaanza kugonga bolti moja moja huku akisikiliza. Bolti iliyokaza hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hutoa sauti butu. Alipofikia springi ya nyuma upande wa kushoto, zile bolti zilizopindwa mfano wa herufi U, ambazo huifunga springi na ekseli, zilitoa sauti butu. Springi hiyo ilikuwa imebadilishwa miezi michache kabla, na hakuna aliyekumbuka kukaza nati tena baada ya safari za kwanza, wakati bapa za springi zinapokuwa zimekwisha kukaana na mkazo wa bolti umepungua. Lori likijaa, uzito uliikandamiza springi juu ya ekseli, na mlio ukatoweka. Likiwa tupu, springi ilichezacheza. Bolti ya katikati, inayoizuia ekseli isisogee, ilikuwa imekwisha kuanza kulika.

Hebu tufikiri bolti hiyo ingekatika kwenye mteremko. Ekseli ingeweza kusogea upande mmoja, lori likaenda mshazari, na dereva asiweze kuliongoza, huku utingo na wenye mahindi wameketi juu ya magunia. Kinga ya msiba huo ilikuwa ni bolti mpya tano na kazi ya nusu siku. Vifaa vilivyobadilishwa awali havikuwa na kosa lolote.

Wako watakaosema kwamba mafundi wetu hawana vyombo vya kisasa, na kwamba mteja hutaka gari lake leo hii. Hoja ya pili ina ukweli, na hapo ndipo lawama inapoturudia. Fundi akikesha akitafuta chanzo, kisha akakaza nati nne, twasema hakufanya kazi na tunampunja ujira. Akibadilisha kifaa kikubwa, twamlipa bila ya kusita, hata kama sauti haikuondoka. Madhali tunalipia vipuri na kukataa kulipia fikra, tutauziwa vipuri.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wenye malori wakubaliane na fundi ujira wa uchunguzi kabla ya kuzungumzia kifaa chochote. Pili, dereva awe na daftari aandikemo sauti husikika lini: kasi gani, gia gani, mzigo kiasi gani, barabara ya namna gani, na kisibadilishwe zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili matokeo yajulikane. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi viwatahini wanafunzi katika kutafuta kasoro iliyofichwa, si katika kufungua na kufunga tu.

Kuuliza, kukisia, kujaribu na kuandika matokeo ndiyo njia wanayofuata watafiti katika maabara zote duniani. Mafundi wetu wazee waifuata njia hiyo kila siku chini ya magari. Kazi iliyobaki ni kuithamini na kuwarithisha vijana kabla wazee hao hawajaondoka na ujuzi wao.