Watoto wa Mara wapewe udongo na rangi

MTAZAMO WA WIKI
Na Magesa Wambura

“Kuchora kutakupa ugali?” Swali hili limewafanya watoto wengi wa Musoma, Bunda na Butiama wafunge madaftari yao ya michoro mapema. Leo nalijibu, kwa sababu mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeweka sanaa bunifu ndani ya mkondo wa amali wa sekondari, bega kwa bega na fani kama ujenzi na kilimo. Mlango uko wazi. Hofu yangu ni kwamba tutaingiza somo hili darasani kwa kunakili notisi ubaoni.

Sanaa husomwa kwa kazi mradi. Chukua chungu tu. Mwanafunzi anatafuta udongo mfinyanzi, anautwanga na kuuchekecha. Anachanganya vigae vilivyosagwa ili udongo usinywee mno unapokauka. Anaviringisha mikanda mirefu ya udongo, anaipandisha duara juu ya duara, anaiunganisha kwa vidole na kuilainisha kwa gunzi la mahindi. Kisha anakianika kivulini, kwa maana kikipigwa na jua upande mmoja kitapasuka. Unyevu ukibaki ndani siku ya kuchoma, maji yanageuka mvuke na chungu kinapasukia motoni. Hapo mtoto amesoma fizikia kwa mikono yake, na amejifunza subira ambayo mtihani wa kuchagua jibu haumpi.

Ndiyo maana mwalimu asitoe alama kwa chungu kilichosimama tu. Adai michoro ya awali, majaribio yaliyoharibika na maelezo ya sababu zake. Mwanafunzi anayejua kwa nini chungu chake kilipasuka amejifunza zaidi ya aliyebahatisha kizuri.

Tusisingizie ukosefu wa vifaa. Miamba ya ufukweni Musoma, jua la asubuhi na kipande cha mkaa vinatosha kufundisha mwanga na kivuli. Mitumbwi, dagaa walioanikwa na minada ya ng’ombe ni mada tosha za mwaka mzima. Wafinyanzi wetu, wengi wao kina mama, ni walimu wasiohitaji nauli ya kutoka Dar es Salaam. Waalikwe shuleni, na walipwe.

Wanaodhani maisha ya kijijini hayafai kuwa sanaa wamkumbuke Sam Ntiro wa Machame. Alisoma Makerere, chuo alichosoma pia Mwalimu Nyerere, na ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Picha ya Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyo akawa balozi wetu London. Naye Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi za mafuta. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unalisha familia hadi leo. Bunda, ambako watalii huingilia Serengeti kwa lango la Ndabaka, kuna soko la kazi kama hizo mlangoni.

Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikataa shule inayomtenga mtoto na kazi ya mikono na maisha ya jamii yake. Alizaliwa na kuzikwa Butiama, na makumbusho yenye jina lake yako hapo hapo.

Basi naziomba halmashauri zetu na bodi za shule: tengeni chumba kimoja cha sanaa na fungu dogo la rangi na karatasi. Kila Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, kazi bora za wanafunzi zionyeshwe Butiama, na wazazi waalikwe. Mzazi atakayeona kazi ya mwanawe ikitazamwa na kununuliwa atakuwa amepata jibu la swali lake la ugali.