MANENO YA SIMU YASIWE MALI YA FUNDI PEKE YAKE



Mwezi uliopita tuliitwa na mwenzetu mmoja, opareta wa simu, tukakae naye mbele ya wakubwa wa kazi yake. Kampuni yenyewe hatuitaji. Shtaka lilikuwa hili: hesabu ya simu ilionyesha kwamba ekstensheni yake ilipiga ng'ambo Jumapili usiku, mara nyingi, na gharama ikawa kubwa. Jumapili ofisi ile hufungwa. Mwenzetu alikuwa nyumbani na watoto wake. Lakini karatasi ilikuwa na nambari yake, na wakubwa walisema karatasi haisemi uwongo.

Fundi akaitwa kutoa ushahidi. Alinena robo saa nzima: tranki, poti, daraja, disa. Mwenzetu hakuelewa hata neno moja. Miaka kumi na moja amejibu simu za kampuni ile, wala hajapata kuonyeshwa jinsi mtambo unavyopangwa.

Sisi twasema hiyo si haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Je, maneno ya fundi ni lugha ya nani? Basi tunayaeleza hapa, maana asiyejua neno hawezi kujitetea.

Tranki ni laini ya nje, itokayo kampuni ya simu. Ekstensheni ni simu ya ndani, iliyo mezani. Poti ni tundu la mtambo ambamo waya wa simu hiyo huingia. Shikeni sana tofauti hii: nambari ya ekstensheni si waya. Fundi aweza kuitoa 101 katika poti moja akaitia katika nyingine, na hakuna meza iliyosogezwa.

Daraja ni ruhusa: simu hii ipige ndani tu, hii ipige Kenya yote, hii ipige ng'ambo. Askari wa getini hupewa daraja la chini kabisa, na fundi asipokuwa mwangalifu hata 999 hufungwa.

Disa ni mlango. Mtu aliye nje hupiga, mtambo humjibu, kisha humruhusu kupiga tena kwa laini ya kampuni. Mlango huo ukikosa nambari ya siri, mwizi huingia. Tena simu ya mezani ikielekezwa nje, mitambo mingi huandika gharama kwa ekstensheni ile ile, hata kiti kikiwa kitupu.

Sasa vyombo. Mitambo midogo ya ofisi hupangwa kwa simu maalum yenye kioo cha maandishi na vitufe vingi, nayo sharti ichomekwe mahali pake. Katika mtambo wa Partner, kwa mfano, ni ekstensheni 10 au 11. Mingine hupangwa kwa kompyuta na waya. Ile ya intaneti hupangwa kwa kompyuta hata kutoka mbali. Karibu yote ina nambari ya siri ya kiwandani, na mara nyingi nambari hiyo imeandikwa katika kitabu ambacho mtu ye yote duniani aweza kukisoma.

Tulimwuliza fundi: nambari ya kiwandani ilibadilishwa lini? Akanyamaza. Haikubadilishwa kamwe. Shauri likaahirishwa, lakini mshahara wa mwenzetu bado umeshikwa.

Wengine watasema opareta akijua siri za mtambo ataharibu. Sisi hatuombi nambari ya siri ibandikwe ukutani. Twataka mambo manne tu:

1. Opareta afundishwe maneno haya, na kitabu cha mtambo kikae ofisini, si katika gari la fundi.
2. Kila fundi akibadilisha kitu, aandike alichobadilisha, tarehe na sahihi, na opareta apate nakala.
3. Nambari ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza. Disa isiyotumika ifungwe. Na 999 na 112 ziwe wazi kwa kila simu, ya askari ikiwa ya kwanza.
4. Mtu asishtakiwe kwa karatasi ya hesabu peke yake, kabla mtambo haujakaguliwa.

Nasi pia tuna lawama letu. Tumezoea kusema, "Hayo ni ya fundi," tukaendelea na chai. Wajumbe wa chama, someni maneno haya mbele ya wenzenu saa ya chakula, na kila opareta ayaandike katika daftari lake.

Wazee walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mbele ya shtaka, sisi twasema aambiwe, tena aambiwe kabla ya kukatwa mshahara.

Umoja ni nguvu.