Chumvi ya Sufuriani

Wapo walimu wenzangu watakaonuna kwa haya, na wanune. Kwa miaka yote niliyofundisha chuoni, wanachuo walikuja na kauli ile ile ya kukariri: chumvi hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji, kwa hiyo mama akitia chumvi sufuriani, chakula huiva upesi. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ni porojo iliyopewa cheti.

Mwulize mkariri huyo: kwa kiasi gani? Atakutazama kama umemtukana. Basi tupige hesabu. Ili lita moja ya maji, huko pwani, ichemke kwa nyuzi 101 badala ya 100, yataka gramu 58 hivi za chumvi. Nani atakula mchuzi huo? Vijiko vidogo viwili haviongezi hata robo ya nyuzi. Sukari ndiyo hafifu kabisa: gramu 342 kwa nusu nyuzi tu! Kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, na chembe za sukari ni nzito tena hazigawanyiki majini, ilhali ya chumvi hupasuka vipande viwili.

Ukitaka kuona mchanganyiko ukifanya kazi ya maana, ndugu msomaji, nenda kwa fundi redio. Bati tupu huyeyuka kwa nyuzi 232, risasi tupu kwa 327. Changanya kwa uzito sehemu 63 za bati na 37 za risasi, upate lehemu iyeyukayo kwa nyuzi 183, chini ya zote mbili. Ndiyo maana huunga waya bila kuunguza redio nzima. (Anawe mikono kabla ya kula; risasi ni sumu.) Mfano huo u mtaani, lakini darasani haumo.

Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji matupu huchemka kwa nyuzi 94 au karibu na hapo. Upungufu huo ni mkubwa kuliko chochote kinacholetwa na chumvi ya mboga. Nimeona daftari la mtoto wa huko aliyepima akaandika 94; mwalimu akaikata kwa wino mwekundu, akaandika 100. Shule siitaji. Mtoto alikuwa na kipimajoto, mwalimu alikuwa na kitabu, na alama akapewa kitabu.

Watunga mitihani waache kuuliza "hupanda au hushuka?" Waulize kiasi, na wadai kipimo.